Kidole Kilichoandikishwa

Langoni pa kiwanda, upande wa Kampemba,
kuna mashine ndogo, nyeusi,
kama kiberiti kilichonenepa.
Weka kidole, inasema. Taa nyekundu.
Weka kidole.
Miaka sita niliweka cha shahada, cha mkono wa kulia,
taa ikageuka kijani, nikaingia kazini.

Leo nimerudi, wiki ya kumi na moja,
na kidole ambacho mashine inakijua
kimezikwa nyuma ya nyumba yetu, Katuba,
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na jirani yake wa kati.
Ngoya, mke wangu, alikataa kuviacha lopitali.
"Si takataka," alimwambia muuguzi. "Vimenishika hivyo."

Mlinzi anafuta kioo kwa mkono wa shati.
"Jaribu tena, baba Numbi."
Nijaribu nini?

Ilikuwa Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
baridi ile ya Lubumbashi
inayofanya vidole viwe vya mtu mwingine.
Mabamba ya shaba yamefungwa mkanda, tani mbili na ushei,
yananing'inia kwenye winchi,
mekundu kama fizi za mtoto.
Lori la Kasumbalesa linanguruma, dereva anatazama saa.
Chini, ubao wa kulalia mzigo umekaa upande.
Nikanyosha mkono kuunyosha.
Hilo tu.
Musonda, juu kwenye winchi, aliuona ubao.
Mimi hakuniona.
Watu hudhani uzito huja kwa kishindo.
Ulikuja polepole,
kama mgeni anayekaa kitini.

Glavu? Nilivaa. Ilikuwa na tundu,
nilikuwa nimeomba nyingine tangu Mei,
stoo wakasema lete kwanza za zamani, tuone.
Lakini nisiisingizie glavu.
Ngozi ya ng'ombe huzuia makali, haizuii tani.
Walipoivua
haikutoka tupu.

Bukari sasa nafinyanga kwa vidole vitatu,
tonge linatoka na pembe.
Kapya, binti yangu, analicheka,
kisha anaacha kucheka,
kisha ananisogezea bakuli la sombe.
Usiku kile kisichokuwapo kinawasha.
Nikune wapi?

Shefu Mwepu anakuja langoni, mbio mbio,
anasema karibu, anasema pole,
anasema Jumatatu, kabla ya kazi,
nisimame mbele ya ekipe, ninyanyue mkono, vijana waone.
"Mkono wako utafundisha kuliko bango."
Bango lipo, ukutani, la Kifaransa,
jua limekula nusu ya maneno.

Sawa. Nitaunyanyua.
Na wa pili nitaunyanyua umeshika ile ndoano ya mpini mrefu
iliyonunuliwa Agosti, mwezi mmoja baada yangu,
kwa bei ya kreti mbili za bia.
Nitawaambia: ubao ukikaa upande, uacheni upande.
Pandisheni mzigo, rudini nyuma, sukumeni kwa ndoano.
Usipeleke mkono mahali ambapo usingepeleka shingo.
Shaba haina haraka, haraka ni yako wewe,
na ya dereva,
na ya shefu.
Hapo nitamtazama,
naye atatazama buti zake.

Mlinzi amepata ufunguo, amefungua tumbo la mashine.
"Tuandikishe kingine. Kipi?"

Nimebakiwa na vinane.
Navitazama kama baba aliyeulizwa
ni mtoto yupi apelekwe jeshini.
Kile cha kushoto, kidogo, cha mwisho,
ambacho hakijawahi kubeba kitu
isipokuwa nta ya sikio.
Nakiweka. Kinatetemeka; nasingizia baridi,
ingawa Oktoba imeingia na jua linachoma.

Kijani.
Naingia,
mkono wa kulia mfukoni.